Msanii naye aandike ankara

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Alichukua vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya kopo ya kawaida, akachora tembo, chui na ndege, na picha hizo zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wanaoishi jijini walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Miaka minne haitoshi kujenga jina, seuze kujenga biashara. Lakini mtindo wake unalisha familia hadi leo, na mwaka 1990 warithi wake katika kazi walisajili chama cha ushirika kwa jina lake. Wanaosimulia habari hii huishia kwenye kipaji, kana kwamba kipaji ndicho kilichofanya kazi yote. Kipaji chake kilizikwa naye. Kilichobaki ni mambo ambayo hayapigiwi makofi: ubao mdogo unaoingia kwenye sanduku la msafiri, rangi inayopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, kituo kimoja cha mauzo kinachojulikana, vijana waliofundishwa kwa kufanyishwa kazi, na mnunuzi ambaye mapenzi yake na mfuko wake vilikwisha kusomwa.

Nayasema haya kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu vijana na ubunifu yameelemea upande mmoja. Tuna mashindano ya kusaka vipaji, tuzo za vipaji, makongamano ya kukuza vipaji, na kila anayekabidhiwa wizara ya utamaduni huahidi kuibua vipaji. Methali nayo imetusaidia kupotea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpiga picha za harusi Tanga, mbunifu wa nembo Dar es Salaam, mchonga milango Unguja, mshona nguo Kisumu, wote wameaminishwa kwamba kazi ikiwa nzuri mteja atakuja na pesa zitafuata. Mteja huja kweli. Zinazochelewa ni pesa, na mara nyingi ubora wa kazi hauhusiki hata kidogo. Zinachelewa kwa sababu hakuna aliyekaa chini kusema kazi ni ipi, itaisha lini, itarekebishwa mara ngapi, italipwa kiasi gani na siku gani. Hoja yangu ni hii: kinachoua biashara nyingi za ubunifu katika Afrika Mashariki ni ukosefu wa mapatano, na kupatana ni ujuzi unaofundishika kama unavyofundishika uchoraji au ushonaji.

Nitenge kwanza ninaowazungumzia. Mwimbaji na mchekeshaji wanaishi kwa umati, na matatizo yao ya mirabaha yanahitaji makala nyingine. Hapa namzungumzia mtu anayeishi kwa oda: mpiga picha, mbunifu wa matangazo, mpambaji, fundi cherehani, mchongaji, mwandika mabango, mtengeneza keki. Kwa mtu huyu, wafuasi elfu hamsini mtandaoni wanaweza kumpa fahari na wasimlipie pango hata mwezi mmoja. Lakini akiwa na shule inayochapa ripoti na kalenda kila mwaka, hoteli inayobadili mapambo kila msimu, kampuni ya utalii, zahanati binafsi, duka la jumla na kanisa lenye matangazo, na kila mmoja akarudi mara tatu au nne kwa mwaka, basi huyo ana biashara. Januari anajua takriban atakula nini Septemba. Ushauri huu hauna mvuto wowote jukwaani, nakiri, na ndiyo maana hausikiki makongamanoni.

Mombasa ina ushahidi wa zamani zaidi wa nguvu ya mteja anayerudi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoko Mtaa wa Biashara, linahesabu umri wake tangu 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla bado hutafutwa kwenye khanga na wanawake wanaoijua khanga. Khanga ni kazi ya ubunifu kuanzia pindo hadi mji: rangi, mchoro, na jina lililoandikwa chini yake. Mchoro mmoja haukai sokoni muda mrefu, na mitambo ya kuchapia ilikuwa mbali. Kwa miongo mingi khanga za pwani zilichapwa Ulaya, baadaye Japani na India. Basi nyumba ya biashara iliyokaa katikati ya mtambo wa ng'ambo na mwanamke wa Mvita ilikuwa na mtaji gani hasa? Ilimjua mnunuzi wake. Ilijua jina lipi linanunuliwa na mke mwenza, lipi linanunuliwa na mama wa bwana harusi, rangi ipi imechosha watu, na iliweka alama yake juu ya kitambaa ili asiyeridhika ajue pa kurudi. Wanafunzi wetu wa masoko wanaosomeshwa kwa mifano ya kampuni za Marekani wangeweza kwenda kujifunza hapo kwa nauli ya matatu.

Tuje kwenye bei, maana ndipo panapouma. Wengi hupanga bei kwa njia mbili: kumtazama jirani anatoza ngapi, au kumtazama mteja viatu. Zote mbili zinamweka msanii mahali asipopajua. Chukua mbunifu wa matangazo Dar es Salaam anayetaka abaki na shilingi 800,000 kwa mwezi. Pango la chumba cha kazi, umeme, bando, matengenezo ya kompyuta, nauli na leseni, tuseme 400,000. Basi lazima aingize 1,200,000. Mwezi una siku 26 za kazi, lakini zipo siku za kutafuta wateja, za vikao visivyolipwa, za marekebisho, za kufuatilia madeni na za umeme kukatika. Akipata siku 13 za kulipwa amejitahidi. Gawanya, utaona kila siku ya kulipwa lazima ilete zaidi ya shilingi 92,000. Nembo inayomchukua siku nne inamgharimu karibu 370,000 kabla hajaweka chochote cha kukuzia kazi. Akiitoa kwa 50,000 kwa kuwa jirani anatoa kwa 50,000, atahitaji kuuza nembo 24 kwa mwezi, karibu moja kila siku ya kazi, na siku za kuwatafuta hao wateja 24 hazijulikani zitatoka wapi. Tena mteja akiwa kampuni au taasisi ya Tanzania, atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Asiyelijua hilo huliona wizi. Anayelijua hudai cheti chake na kukipeleka kwenye hesabu za kodi ya mwaka. Wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, ila methali hiyo haikupata umaarufu wa ile ya kizuri kujiuza.

Nitajibiwa kwamba soko letu halina pesa hizo. Mwenye kibanda cha chipsi hawezi kulipa 370,000 kwa mchoro wa kuku. Ni kweli, na asilipe. Kumhudumia yeye ni biashara halali kabisa, ila ni biashara ya aina yake: mifano mitatu iliyokwisha kutengenezwa, achague mmoja, jina lake libandikwe, hakuna marekebisho, kazi iishe ndani ya saa moja, alipe kwa simu kabla ya kutumiwa faili. Kwa shilingi 15,000 mtu mwepesi anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Anayeangamia ni yule anayefanya kazi ya siku nne kwa bei ya saa moja, au anayempa mwenye hoteli bei ya kibanda kwa kuogopa kukataliwa. Na mteja mzuri akiishiwa kweli, kinachopaswa kupungua ni kazi: picha 60 badala ya 300, video bila albamu, ukumbi upambwe jukwaa tu. Ukipunguza bei na kuiacha kazi vilevile, umemfundisha mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa uongo, na safari ijayo ataanzia chini zaidi.

Hakuna mteja anayeonyesha ugumu wa mapatano vizuri kama kamati ya harusi. Katika miji yetu harusi ni mradi wenye mwenyekiti, katibu, mhazini, kundi la WhatsApp na vikao vya kukusanya michango. Kamati hizi zinamlisha mpiga picha, mpiga video, mpambaji, mtengeneza keki, mshereheshaji, mchapa kadi na fundi wa sare, na sidhani kama kuna wizara inayowapa watu wa ubunifu kazi nyingi kuliko kamati hizi. Lakini kamati ina kasoro ya kuzaliwa: inakufa usiku wa sherehe. Aliyetoa oda ni mjumbe wa mapambo, aliyeahidi pesa ni mhazini, aliyebadili rangi dakika za mwisho ni dada wa bibi harusi, na Jumatatu maharusi wako fungate huku kundi la WhatsApp likijaa salamu za shukrani. Mpambaji anayedai nusu ya malipo yake hana mtu wa kumdai. Ahadi za michango nazo hupukutika. Aliyeahidi laki mbili hutoa hamsini, na upungufu wote humwangukia yule wa mwisho kulipwa. Karibu kila mara huyo ni msanii, kwa kuwa ukumbi na chakula vimelipiwa mapema. Mwenye ukumbi hapendwi kuliko mpiga picha. Ana kifungu tu kisemacho kwamba mlango haufunguliwi mpaka salio liishe. Kumbe kamati hujua kulipa kabla, ikiambiwa. Basi mpiga picha naye aseme: nusu ya malipo siku ya kuweka tarehe, sehemu kubwa ya pili wiki moja kabla ya sherehe, na kiasi kidogo siku ya kukabidhi albamu. Na liandikwe jina la mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuagiza mabadiliko, hata kama dada wa bibi harusi atanuna.

Wenye kazi nao hawajatakasika. Fundi cherehani anayepokea vitambaa arobaini wiki mbili kabla ya Idi, akijua wazi mikono yake ni ya nguo ishirini, hajafanya bidii. Amekopa kwa watu ishirini bila kuwaambia. Arbuni alizopokea zimekwisha kulipia pango la mwezi uliopita, na sasa anategemea arbuni za wateja wapya kununua uzi wa nguo za wateja wa zamani. Mteja aliyeambiwa njoo kesho mara tatu, akasali Idi na nguo ya mwaka jana, hatatoa tena pesa mbele, wala simlaumu. Ndipo tunapofika: mteja hatoi arbuni kwa kuwa fundi huchelewesha, na fundi anachelewesha kwa kuwa kazi isiyo na arbuni huwekwa chini ya ile iliyolipiwa. Anayeweza kuukata mzunguko huu ni muuzaji, kwa sababu ndiye anayejua uwezo wake wa kazi. Aweke idadi. Ikijaa, amwambie mteja wa ishirini na moja kwamba nafasi imekwisha, ampe tarehe ya baada ya sikukuu au amwelekeze kwa mwenzake. Pesa ya arbuni akae nayo kama amana mpaka kitambaa kikatwe. Mafundi wachache wanaofanya hivi wanajulikana mtaani kwa majina, na hawapunguzi bei.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la undugu. Sisi si watu wa mikataba, husemwa. Ukimwekea ndugu karatasi mbele umemwita mwizi. Maneno ni yale yale: usijali, tutaelewana, wewe ni wa nyumbani, fanya hii kwanza utapata jina. Ninaheshimu hisia iliyomo humo, lakini hoja yenyewe haina mashiko katika desturi zetu wenyewe. Hakuna jambo la kindugu kuliko ndoa, na hakuna jambo linalojadiliwa kwa makini kuliko mahari. Hutumwa mshenga, hukaa wazee wa pande zote mbili, hutajwa kiasi, husemwa kipi kinatolewa leo na kipi kinabaki, na huwapo mashahidi. Familia iliyofanya hayo Jumamosi haiwezi kudai Jumapili kwamba kuandikiana na mpiga picha ni kuvunja undugu. Tena kwa Waislamu wa pwani suala hili lina uzito wa dini: aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Kuandika kunalinda undugu, kwa kuwa ndugu wengi wamekosana kwa jambo ambalo kila mmoja aliamini ameahidiwa. Wala haihitajiki karatasi ya wakili yenye kurasa kumi. Sheria ya mikataba haikatai makubaliano ya mdomo kwa kazi ndogo kama hizi. Shida ya mdomo ni ushahidi. Ujumbe mmoja wa simu wenye kazi, bei, tarehe, idadi ya marekebisho na utaratibu wa malipo, ukijibiwa "nimekubali", unatosha kuwakumbusha wote wawili walichosema.

Katika mapatano hayo kuna jambo linalosahaulika hata na wazoefu: kazi ikishalipwa, ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Mpiga picha wa Nairobi anayenyamaza, basi, amekwisha kutoa jibu. Ndivyo picha iliyopigwa kwa ajili ya kijitabu cha hoteli inavyojikuta kwenye bango la barabarani miaka miwili baadaye, na aliyeipiga akilalamika anaambiwa alilipwa. Sentensi moja ingetosha: picha zitatumika wapi, kwa muda gani, faili za asili zimo au hazimo, na mpiga picha anaruhusiwa kuzionyesha kwa wateja wengine. Mteja anayetaka haki zote apewe, kwa bei ya haki zote.

Kuhusu kufanya kazi peke yako, nina mashaka. Akamba Handicraft Industry Co-operative Society ya Changamwe, Mombasa, ilianzishwa mwaka 1963. Wachongaji huchonga, na chama hutunza duka la maonyesho na kushughulika na wanunuzi, wakiwamo wa nje. Faida ya mpango huo ilionekana vizuri miti ya kuchongea ilipoadimika. Muhugu ulikatwa mno katika misitu ya Kenya, na wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuuliza kinyago kimetoka msitu gani. Wachongaji waligeukia mwarobaini, mti unaoota kwa wingi pwani na unaokua haraka. Mchongaji mmoja mwenye tezo na mtoto wa shule asingeweza kujibu swali la mnunuzi wa namna hiyo, achilia mbali kuleta vyeti. Chama kiliweza kujaribu. Vyama vya ushirika vina maradhi yao, ya uongozi na ya siasa, na hakuna sababu ya kuyaficha. Lakini hata wabunifu watano wa mjini, mpiga picha, mchapaji, mpambaji, mwandishi na mtu wa video, wanaweza kuchangia mtu mmoja wa hesabu anayetoa ankara, anayetunza daftari na anayepiga simu za madeni. Simu ya deni inayopigwa na mtu wa hesabu haina aibu ndani yake. Inayopigwa na msanii mwenyewe huanza na kuomba radhi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanamgeuza msanii kuwa karani. Watanionyesha soko la Mwenge jijini Dar es Salaam na maduka ya picha za Tingatinga: twiga yuleyule, machweo yaleyale, Mmasai yuleyule mwenye mkuki, mpaka mnunuzi hajui nani amechora nini. Nakubali wanachokiona, sikubali chanzo wanachokitaja. Anayenakili kilichouzwa jana ni yule anayelazimika kuuza leo kwa mpita njia asiyemjua na ambaye hatamwona tena. Mwenye oda za miezi mitatu mbele anaweza kutenga wiki ya kujaribu jambo ambalo huenda likashindwa. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005 akiwa mmoja wa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani, alipitia Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, mahali palipowapa wasanii nafasi ya kufanyia kazi, vifaa na duka la kuuzia. Mashetani yake ya kuchekesha, yenye masikio makubwa na vidole viwili, hayakutoka kwa mtu aliyeambiwa asijali pesa. Njaa haijawahi kuwa mwalimu mzuri wa uchoraji, ingawa wasioijua huisifu sana.

Nitaulizwa pia kuhusu akili mnemba, inayoweza kuchora nembo kwa sekunde. Itachukua kazi nyingi za shilingi 15,000, kama ile ya kibanda cha chipsi. Sioni jinsi ya kuizuia. Bado haijui kwamba jina fulani la khanga ni tusi mtaani kwenu, wala haitakuwapo mhazini akihitaji kumwuliza mtu kwa nini kadi zimetoka na tarehe mbaya.

Serikali nayo ni mteja, tena mkubwa, na hapa maneno yanakuwa machungu. Tanzania na Kenya zimeweka kisheria sehemu ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kenya ilianza mpango wake wa asilimia 30 mwaka 2013. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha. Hii ni mipango mizuri kwenye karatasi, lakini tazama mpangilio wake. Kijana anapewa mkopo wenye tarehe ya marejesho, ananunua kamera, anashinda zabuni ndogo ya ofisi ya umma, anapiga picha, anawasilisha ankara, kisha anasubiri. Madeni ya wazabuni ni habari ya kila bajeti, na Kenya ililazimika kuunda kamati ya kuyahakiki mwaka 2023. Kampuni kubwa ya ujenzi inaweza kusubiri mwaka mzima kwa kukopa benki; mpiga picha mwenye kamera moja anauza kamera. Kumtengea kijana zabuni bila kumlipa kwa wakati ni kumfanya yeye aikopeshe serikali, bila riba, huku mkopo wake wa halmashauri ukiendelea kudaiwa. Ningependa zaidi kuona sheria fupi inayosema ankara ndogo za huduma zilipwe ndani ya siku 30 na riba ianze kuhesabika siku ya 31, kuliko tamasha jingine la kuibua vipaji. Vyuo vyetu, kuanzia VETA hadi TaSUBa kule Bagamoyo, navyo vingefanya vyema kumtahini mhitimu kwa makisio ya bei na makubaliano ya kazi aliyoyaandika mwenyewe, kabla ya kumkabidhi cheti cha ufundi.

Hayo ya serikali yatachukua muda. Ya kwetu hayahitaji muswada. Kamati ya harusi inaweza kuwaandika mpiga picha na mpambaji kwenye orodha ya wanaolipwa kabla ya sherehe, pamoja na ukumbi. Mkuu wa shule anaweza kumpa mchoraji wa ukuta nusu ya pesa na tarehe ya nusu iliyobaki. Mwenye kampuni anaweza kuacha kuwaita wabunifu watatu walete michoro ya bure ili achague mmoja. Na kama kwenye droo ya mhasibu wako kuna ankara ya mchoraji, fundi au mpiga picha iliyokaa zaidi ya mwezi, ilipwe wiki hii.